Kartie Inayoitwa Néant

Kama ungetaka kumjua Kamate, usingemuuliza habari zake. Ungempa karatasi ya kujaza, halafu ungekaa pembeni kumwangalia. Angeanza juu, polepole, na bic yake ya buluu. Jina. Jina la baba. Mahali alipozaliwa. Akifika kwenye mstari usio na jibu, hangeuruka. Angeandika NÉANT, yaani hakuna kitu, kwa herufi kubwa, halafu angevuta mstari toka herufi ya mwisho mpaka ukingo wa karatasi, ili mtu mwingine asipate hata mahali pa kuweka nukta.

Watu wengi wa Bunia wanafanya hivyo, maana ukiacha nafasi karani atakurudishia karatasi yako na kukuambia urudi kesho. Lakini Kamate alikuwa na sababu yake. Wakati wa vita, baba yao alikuwa anatembea na karatasi ya ruhusa ambayo aliyeiandika alisahau mstari mmoja. Kwenye barieri, kizuizi cha njia, kijana mwenye bunduki akaomba kalamu, akaandika neno lake pale penye wazi, akampa mwenzake: soma. Baba hakufika nyumbani. Mama yao, Munande wa Butembo aliyekuja Bunia na biashara ya vitunguu, aliwalea watoto wake wawili kwa fundisho moja. "Nafasi tupu ni mulango wazi," alikuwa anasema. "Adui anaingiliaka hapo."

Watoto hao wawili walikuwa Katsuva, mkubwa, na Kamate. Kwa Wanande kila mtoto anapewa jina lake, halifuati la baba. Kwa hiyo ukisikia Katsuva, ukasikia na Kamate, hutajua kwamba walilala tumbo moja. Katsuva alikuwa fundi wa mbao huko Rwambuzi, kartie moja ya Bunia, yaani mtaa, alitengeneza milango na madirisha. Kamate alikaa Ngezi, na kazi yake ilikuwa ukarani kwenye sentri ya afya, upande wa wagonjwa wa kifua kikuu.

Vita ilikuwa imekwisha, ndivyo walivyosema. Ilikuwa ile amani ya Bunia: bunduki zimenyamaza, lakini mtu akibamiza bati kwa nguvu, barabara nzima inageuza kichwa.

Katsuva akaanza kukohoa. Kwanza akasema ni vumbi la mbao. Alipokonda mpaka mkanda wa suruali ukakosa tundu la kufungia, Kamate akamvuta kwa mkono mpaka kwenye sentri. Wakampima, wakamwandikia dawa za miezi mingi, na Katsuva akamwomba mdogo wake kitu kimoja: watu wa pale wasijue kama ni ndugu. Ugonjwa huo bado ulikuwa na haya. Kamate akanyamaza, na majina yao yakamsaidia kunyamaza.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kazi, alipita Rwambuzi kwa yaya, kama alivyomwita kaka yake.

"Yaya, umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua kinywa nione."

"Weye Kamate! Miye njo nilikufundisha kufunga kamba za viatu, leo unanichungulia kinywa kama mbuzi wa soko?"

Honorine, mke wa Katsuva, alikuwa anacheka mpaka anaweka sufuria chini. "Muangalie na meno, shemeki. Pengine atauzika vizuri."

Hivyo ikaenda, mpaka siku moja Kamate aliposahau na kuuliza swali lake mbele ya mwanamke aliyekuja kupimisha mlango. "Yaya, umemeza dawa?" Mwanamke akamtazama Katsuva, akatazama kikohozi chake, akasema atarudi. Hakurudi. Katsuva akaweka randa yake juu ya meza.

"Sikia, mudogo. Unaniangaliaka kama askari wa barieri. Usikuje tena kuniuliza. Banasema kwenu kumefika mashini ya kuandika bagonjwa. Ile mashini itajua siku nimekosa dawa?"

"Itajua. Njo kazi yake."

"Basi iachie hiyo kazi. Siku itasema Katsuva amekosa, kuja na muganga, kuja hata na polisi, nitafungua kinywa. Kama haijasema kitu, weye ni ndugu yangu tu, kuja tukule."

Kamate akafikiri kidogo, akakubali. Wakapeana mkono juu ya meza ya mbao kama watu wanaouziana shamba. Toka siku hiyo, uzima wa Katsuva ukawa juu ya ile mashini.

Mashini zenyewe, yaani kompyuta, zililetwa na binti mmoja wa Kisangani, Sandrine, ndani ya maboksi. Kabla ya hapo Kamate aliandika wagonjwa kwenye kitabu kikubwa, na muganga alipotaka kujua nani amekosa, alipitisha kidole chini ya majina yote. Sandrine aliwafundisha kwa haraka, maana mafuta ya jenereta yalikuwa karibu kuisha.

"Mwisho wa mwezi munatoa raporo ya waliokosa dawa," alisema. "Hapa munaweka tarehe, hiyo ni lazima. Hapa kuna kartie, hiyo ni facultatif." Alitaka kusema neno lingine, jenereta ikakohoa, skrini ikazima, na mafunzo yakaishia hapo.

Kamate alilijua neno facultatif, yaani si lazima. Shuleni waliambiwa sare ya michezo ni facultatif, na asiyekuwa nayo alifukuzwa.

Kwanza akahamisha wagonjwa wote toka kitabuni, jina kwa jina. Aliyekaa Rwambuzi akamwandika Rwambuzi, aliyekaa Ngezi akamwandika Ngezi. Wale ambao hawakuwa na nyumba ya kujulikana, waliokimbia vijiji vyao na kulala leo kwa huyu na kesho kwa yule, pale penye kartie akawaandikia NÉANT. Toka hapo wale wa kugawa dawa nao wakawa wanaandika kwenye mashini yao kila aliyekuja kuchukua.

Mwisho wa mwezi ukafika. Akafungua ukurasa wa raporo, akaweka tarehe. Chini yake kulikuwa na ile nafasi ya kartie, nyeupe, na ndani yake kimstari kilichokuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kama mtu anayegonga. Kamate alitaka wagonjwa wa Bunia nzima, hakuwa na kartie moja ya kuweka. Akaitazama ile nafasi. Mkono wenyewe ukajua la kufanya. NÉANT. Akabonyeza, moyo wake ukatulia, na majina yakatoka. Machache, lakini yakatoka.

Kitu cha kwanza alitafuta Katsuva. Hakuwemo. Kamate akaegemea kiti, akafumba macho, akamshukuru Mungu.

Karatasi akampa Mama Hortense. Huyo alikuwa mmoja wa wale wanawake wanaotembea nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa walioacha dawa, na kwa mdomo hakuna aliyemweza. Mwezi uliofuata akarudi na karatasi mkononi, viatu vyake vyekundu kwa vumbi.

"Papa Kamate, hii kartie Néant iko upande gani? Nimezaliwa Bunia, nimezeekea Bunia, hiyo sijaijua. Iko nyuma ya Ngezi ao iko ndani ya muto?"

"Ni batu benye hatujue nyumba yabo, mama."

"Na mwenye hana nyumba njo munanituma nikamupigie hodi! Tena angalia: kartie zote zinakunywa dawa kama maziwa, Néant peke yake njo kuko vichwa nguvu."

Muganga Laurent, aliyekuwa anapita na kikombe cha chai, akasema, "Tubatumie padri kule Néant."

Wakacheka wote watatu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Laurent alikuwa na wagonjwa mpaka kwenye ngazi, na raporo ilitoka kwenye mashini, na kitu kilichotoka kwenye mashini hakikuonekana kuwa na uongo.

Kiangazi kikaingia. Siku moja Kamate akasikia sokoni kwamba Katsuva amekwenda Aveba. Watu wa huko walikuwa wanarudi kwao, wanajenga, na kila nyumba inataka mlango. Kamate akasimama na mfuko wake wa muhogo, akafikiri. Je, amechukua dawa za kutosha? Jioni hiyo akatembea mpaka Rwambuzi. Alifika karibu kabisa, akaona moshi wa Honorine juu ya ukuta, akamsikia anagombeza mtoto. Ingekuwa kuingia tu na kuuliza. Lakini walipeana mkono. Akiingia, Katsuva ataambiwa: mudogo wako alikuja kupeleleza tena. Na mashini haijasema kitu. Mwisho wa mwezi ulikuwa umepita juzi tu, na jina halikuwemo.

Akageuka, akarudi Ngezi.

Mwezi uliofuata jina halikuwemo. Na ule mwingine vilevile. Kila mara Kamate alifumba macho na kushukuru.

Katsuva alirudi Bunia juu ya moto, yaani pikipiki, katikati ya dereva na kijana aliyemshika kwa nyuma, wamefungwa pamoja na kitenge ili asianguke. Dereva hakumpeleka nyumbani, alimleta moja kwa moja kwenye sentri. Kamate alikuwa mlangoni anaongea na mlinzi. Aliona mzee anateremshwa, mashavu yameingia ndani, mabega kama hanga ya koti, akasema moyoni, pole muzee. Halafu yule mzee akainua uso.

"Mudogo," akasema.

Laurent akampima, akamsikiliza mgongo, akatoka nje na uso wa hasira.

"Huyu alianza dawa kwetu. Aliacha tangu lini? Na juu ya nini hakuna mutu alimutafuta?"

Kamate akaleta raporo zote. Akazipanga juu ya meza, akazipanga tena.

"Hayuko ndani, muganga. Pengine alikuwa anakunywa. Mashini..."

"Kamate, umemuona mbavu? Huyu hajameza kitu tangu mvua iishe. Unamujua?"

Kamate akaacha kupanga. "Ni yaya yangu. Baba moja, mama moja."

Laurent akaweka zile karatasi chini, na hasira yote ikamtoka usoni. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira.

Asubuhi yake Sandrine akaja. Alikuwa kazini kwenye sentri nyingine ya mji, wakampigia simu. Hakukaa mbele ya mashini, alivuta kiti nyuma ya Kamate.

"Nionyeshe tu vile unafanyaka, papa. Usiogope."

Kamate akafungua ukurasa. Akaweka tarehe. Akashuka kwenye kartie, akaandika NÉANT.

Mkono wa Sandrine ukamshika bega. "Hiyo ni nini?"

"Néant. Ulisema ni facultatif. Sikuwa na kartie ya kuweka."

"Papa Kamate." Alionyesha skrini kwa kidole. "Hapo tunaachaka wazi."

"Wazi?"

"Wazi kabisa. Ukiacha wazi, mashini inaelewa unataka kartie zote. Ukiandika neno, inatafuta lile neno peke yake. Miezi yote hii ulikuwa unaiuliza: nani amekosa dawa katika kartie inayoitwa Néant? Na yenyewe ilikuwa inakujibu vizuri."

Mama Hortense, aliyesimama mlangoni, akaweka mkono mdomoni.

"Na aliyeijenga ana kosa," Sandrine akaendelea, upesi upesi, kama mtu anayemfunika mwenzake nguo. "Alipashwa kuweka majina ya kartie uchague tu, ao mashini ikuambie: hakuna kartie ya jina hili. Na miye nina kosa, sikumaliza kueleza. Lakini wale wa Néant walikuwako, ulibaandika weye mwenyewe, njo maana majina yalitoka. Kama ingetoa karatasi nyeupe, ungeshituka siku ya kwanza."

"Ingetoa karatasi nyeupe," Kamate akasema nyuma yake, kama mtoto anayerudia somo.

"Futa sasa. Acha wazi."

Alifuta herufi moja moja. Ile nafasi ikabaki nyeupe, na kimstari kikaanza kugonga. Kidole chake hakikushuka.

"Na mutu akiandika kitu hapo?" akauliza.

"Mutu gani, papa?"

Hakujua mtu gani. Akafumba macho, akabonyeza.

Mashini ya kuchapa ikatema karatasi, ikatema nyingine, ikaendelea. Ilipita muda mrefu na ilikuwa bado inatema. Rwambuzi. Ngezi. Nyakasanza. Mudzipela. Sandrine akarudisha tarehe nyuma, akauliza mwezi kwa mwezi, na Katsuva alikuwemo toka mwezi wa kwanza wa kiangazi, kwenye ukurasa wa kwanza, ameandikwa vizuri, na kartie yake, na jina la mke wake wa kuulizwa. Mwezi ule ule ambao Kamate alisimama karibu na ukuta akiangalia moshi.

Mama Hortense akachukua karatasi na kuzisoma kwa sauti, kwanza kwa nguvu, halafu chini chini.

"Priscille wa pale karibu na kisima. Huyu tulimuzika Jumapili ya Matawi. Nilikuwa kwa kilio yake, Papa Kamate. Nilikula chakula ya kilio yake, na sikujua kama ni mutu yetu." Akageuza ukurasa. "Huyu Ambroise, muuza samaki wa Mahagi, banasema alirudi kwao kufa." Akageuza mwingine, akaacha kusoma. Alitoa kitambaa cha kichwani, akafutia uso. Hakumtukana Kamate hata neno moja, yeye ambaye aliweza kumtukana mtu mpaka watoto wakakusanyika.

Halafu akakunja zile karatasi, akaziweka kifuani, akatoka kwenda kuzitembelea zile nyumba.

Katsuva walikuwa wamemweka kwenye chumba cha peke yake, dirisha wazi ili upepo uingie. Kamate alisimama nje muda, anapanga maneno. Angesema: yaya, ni miye. Angesema hivyo kwanza, halafu angeeleza. Akafunga kitambaa mdomoni, akaingia.

Katsuva alimtangulia. "Mudogo, kaa. Nataka kukucheka kidogo."

"Juu ya nini, yaya?"

"Juu ya mashini yako." Alisema kwa vipande, anapumzika katikati. "Kule Aveba dawa ilikwisha. Nikasema, nitarudi kesho. Kazi ikavuta. Nikaanza tena kukohoa. Lakini kila moto ikitoka Bunia, nilikuwa naangalia barabara: pengine Kamate ametuma mutu. Hakuna. Nikasema, basi hii ni vumbi ya mbao. Ingekuwa ya mubaya, mashini ya Kamate ingeniita. Honorine akanipigia simu: rudi. Nikamujibu: bibi, Kamate hajasema kitu, weye unasema nini?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Kamate akamshikia bakuli. "Nilikaa na hiyo imani kabisa."

Maneno yote ambayo Kamate alipanga yalikuwa pale, nyuma ya kitambaa. Hayakutoka. Alimfuta mdomo.

"Pumzika, yaya."

"Kumbe nayo inadanganyaka," Katsuva akasema, akafumba macho.

Dawa za kwanza hazikumfaa tena, ugonjwa ulikuwa umezizoea. Zile za nguvu zaidi ziliombwa mbali, na kila ndege iliposhuka Laurent alituma mtu kuuliza. Zilikuwa bado njiani wakati Katsuva alipokata roho, mchana, watu wakitoka misa.

Kilio kilikuwa Rwambuzi. Mafundi wenzake walileta sanduku, wakakaa upande wa wanaume. Wakati wa chakula Kamate alivuka akaenda upande wa wanawake, jambo ambalo halifanywi, akachuchumaa mbele ya Honorine.

"Honorine, nataka kukuambia. Ni miye nilimuua."

Akina mama wakaacha kula. Honorine akamtazama kwa macho yaliyokauka.

"Unasema nini, shemeki?"

"Mashini ilikuwa inajua. Toka mwanzo ilikuwa inajua kama Katsuva hakunywi dawa. Ilikuwa tayari kuniambia. Miye niliiandikia neno ambalo halikupashwa kuandikwa, ikanyamaza."

"Neno gani?"

"Néant."

"Néant ni nini?"

"Ni... hakuna kitu. Nilipashwa kuacha wazi."

"Kuacha nini wazi?"

"Nafasi. Ndani ya raporo. Ukiacha tupu ni batu wote. Ukiandika hakuna kitu, inatafuta wale wa hakuna kitu."

Alijisikia akisema hayo, akaona vile yanavyoanguka mbele ya miguu yao, moja baada ya lingine, bila mtu wa kuyaokota. Honorine alimwekea mkono kwenye paji la uso kama anapima homa.

"Shemeki, umelala hizi siku?"

"Honorine, nisikilize. Angepona."

"Mumuache," mama mmoja mzee akasema toka kwenye mkeka. "Ni uchungu njo inamusemesha."

"Si uchungu, mama. Ni miye."

"Ni Mungu, mutoto yangu. Mungu akiita, hakuna mashini inasikia."

"Ndiyo," wengine wakaitika. "Ndiyo kabisa."

Akawaangalia mmoja mmoja. Alitamani mmoja wao asimame, amshike shati, amuulize: kwa nini? Alitamani kofi. Kama angekuwa amemsukuma ndugu yake mtoni wangejua la kumfanya, wangemfukuza, wangeomba mbuzi wa fidia, wangekaa kikao. Lakini kwa jambo hili hawakuwa na kikao. Wale wa biro ya sentri walielewa, nao walikuwa wanamhurumia. Hawa wangeweza kumhukumu, nao hawakuelewa.

Honorine akamsogezea sahani ya bugali na samaki, akaita mtoto alete maji.

"Mambo ya mashini siye hatujue," akasema. "Tunajua vile ulimupenda. Kula, shemeki."

Maji yakaletwa. Kamate akanyoosha mikono, wakammiminia, na nyuma yake akina mama wakaendelea kumsifu, kwa sauti ya chini, kwamba siku hizi ndugu kama huyu hawapatikani.